Chupa Tatu Kutoka Pemba: Kumbukumbu ya Safari ya Fuwele

Siku ya 1, Chake Chake

Mafuta ya karafuu yakitiwa ndani ya maji huzama. Mafuta mengi ya manukato huelea, lakini haya sehemu yake kubwa ni eugenoli, na mililita moja ya eugenoli ina uzito wa gramu 1.07. Yaliyopo mezani leo ni mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, ambavyo kiwanda cha Wawi kimezoeleka kwa kuvikeneka. Mafuta ya makonyo huwa na eugenoli kati ya asilimia 85 na 95, kwa hiyo ni mwanzo mzuri kuliko mafuta ya majani.

Shida ni kwamba eugenoli ni kimiminika, na haigandi mpaka ifike digrii 8 au 9 chini ya sifuri. Kazi ya mtaalamu wa fuwele wa kikemia ni kuonyesha atomu za kitu zimekaa wapi, kwa kupitisha mionzi ya eksirei kwenye fuwele moja, yaani kipande kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Pasipo fuwele hana kazi. Njia ya zamani, iliyo rahisi, ni kuibadili eugenoli kuwa benzoati, kitu kigumu cheupe kinachoyeyuka kwenye digrii 69 hadi 70. Hiyo ndiyo itakayojaza chupa ya kwanza. Ya pili ni chumvi ya Pemba, na ya tatu mrututu, yaani salfeti ya shaba. Hizo mbili muundo wake unajulikana tangu zamani. Zinakwenda kama mashahidi: mashine ikitoa jibu lisilo sahihi kwao, hata jibu la chupa ya kwanza haliaminiki.

Kutenga eugenoli: mililita 10 za mafuta, mililita 60 za mmumunyo wa sodiamu hidroksaidi wa asilimia 5, ndani ya faneli ya kutenganisha. Geuza taratibu mara ishirini hivi, ukifungua bomba kila baada ya migeuzo michache ili mvuke utoke. Ukitikisa kwa nguvu kama unachanganya togwa, utapata povu jeupe la mafuta na maji lisilotengana mpaka magharibi. Eugenoli huingia kwenye maji ya alkali. Kariofilini na wenzake, yaani mafuta mengine yaliyomo, hubaki juu, na kiyeyushi cha heksani mililita 20, mara mbili, huwaondoa. Kisha asidi hidrokloriki ya asilimia 10 inatiwa tone kwa tone mpaka litmasi, karatasi ya kupimia asidi na alkali, iwe nyekundu. Maji yanageuka kama tui, na eugenoli inashuka chini. Imepatikana mililita 7 na kidogo, rangi ya asali nyepesi, imekaushwa kwa sodiamu salfeti isiyo na maji.

La kuandikwa pembeni: punje za sodiamu hidroksaidi kwenye kopo zilikuwa zimeshikana na zinang'aa kwa umaji.

Siku ya 2, mashamba ya chumvi

Kaskazi imekazana na mvua za vuli zimekwisha, kwa hiyo mashamba ya chumvi ya mwambao yana kazi. Maji ya bahari yanaingizwa bamvua likijaa, yanakaa kwenye vidimbwi vya kwanza, halafu yanahamishwa kidimbwi kwa kidimbwi kadiri yanavyozidi kuwa mazito. Mwenye haidromita ya Baumé, chombo cha kupimia uzito wa maji ya chumvi, hasemi "yameiva" kwa kukisia. Bahari yenyewe husoma digrii 3.5 hivi. Chokaa hutangulia kutoka, maji yakibaki nusu. Jasi hufuata maji yakibaki sehemu moja ya tano. Chumvi ya kula huanza kwenye digrii 25.5, maji yamebaki sehemu moja ya kumi. Ukifika 29 au 30, mwaga yaliyobaki: hayo ndiyo machungu, yamejaa magnesiamu.

Chumvi iliyookotwa pembezoni mwa kidimbwi ikishikwa kwenye kiganja juani inaonyesha umbo lake bila hadubini. Si mchemraba mtimilifu. Ni kikombe cha pembe nne chenye ngazi zinazoshuka katikati, kama ghorofa iliyopinduliwa. Kingo hupata chumvi mpya upesi kuliko katikati ya uso, kwa hiyo kingo zinatangulia na katikati inabaki bonde. Weupe wake ni matone madogo ya maji yaliyonaswa ndani. Ndiyo maana chumvi ya mawe ikitupwa kwenye kikaango cha moto hupasuka na kuruka. Kwa upishi haina neno, ila kwa eksirei haifai.

Kuotesha upya, basi. Chumvi ya mawe ioshwe haraka kwa mmumunyo wa chumvi safi uliokolea, si kwa maji matupu yatakayoiyeyusha, ili machungu yatoke. Kisha gramu 36 kwa kila mililita 100 za maji yaliyokenekwa, ichujwe ikiwa vuguvugu, iachwe wazi chini ya karatasi yenye vitundu vitano vya sindano. Kupoza hakusaidii chumvi: maji ya digrii sifuri hubeba gramu 35.7 na yanayochemka 39, tofauti ndogo mno. Hapa kinachofanya kazi ni upepo na subira.

Siku ya 3, Chake Chake

Benzoili kloraidi, ndiyo inayoibadili eugenoli kuwa benzoati, inatoa machozi kuliko vitunguu vya gunia zima, na ikigusa ngozi inaunguza. Ifanyiwe kazi ndani ya kabati la gesi, na glavu na miwani, bila mjadala.

Eugenoli gramu 2 kwenye flaski yenye kizibo cha mpira. Sodiamu hidroksaidi gramu 1 ndani ya maji mililita 10, iliyopozwa. Benzoili kloraidi mililita 2, tone tano tano, huku flaski ikipigwapigwa ndani ya beseni la maji baridi kwa sababu mchanganyiko unapata moto. Dakika kumi za mwanzo hutokea uji wa mafuta unaonata ukutani. Usikate tamaa wala usiongeze kitu: endelea kutikisa, utagandamana na kuwa vipande. Harufu kali ikiisha, chuja, vunjavunja vipande kwa kijiti cha kioo, osha kwa maji mara tatu. Litmasi ilijaribiwa katikati ya kazi ikasema alkali. Mwisho haikujaribiwa tena.

Kusafisha ni kwa ethanoli, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kitu kinachoyeyuka kwenye digrii 70 kikitiwa kwenye ethanoli inayochemka kwenye 78, kikawa kingi na ethanoli kidogo, hakitoki kama fuwele bali kama mafuta, kikatua chini kama samli iliyoganda, na kila uchafu uliokuwepo umo ndani yake. Dawa: ethanoli moto mpaka yote iyeyuke, halafu nusu mililita ya ziada. Acha ipoe yenyewe mezani. Ikianza kuonyesha ukungu, tia punje moja ya kitu kile kile kama mbegu. Unga uliochujwa ni mweupe, unanukia karafuu kwa mbali. Kwenye kipimajoto umeyeyuka kati ya digrii 67 na 69, ukaandikwa kuwa "sawa, labda una ethanoli kidogo". Ethanoli iliyobaki baada ya kuchuja haikumwagwa.

Siku ya 4

Siku ya kuotesha. Fuwele ya kupigia eksirei haihitaji ukubwa: milimita 0.1 hadi 0.3 kila upande yatosha, alimradi iwe moja, iliyo wazi, isiyo na ufa. Punje ya mchanga wa Nungwi ni kubwa mno.

Benzoati imegawanywa chupa mbili. Chupa A ni unga safi katika ethanoli, umeyeyushwa kwenye maji ya digrii 50, chupa ikafungwa na kufukiwa ndani ya sanduku la unga wa mbao ipoe kwa saa nyingi. Chupa B ni ile ethanoli iliyobaki jana, imefunikwa karatasi ya alumini yenye tundu moja, ipungue polepole.

Njia ya tatu inayosifiwa vitabuni, ya chupa ndogo ndani ya chupa kubwa yenye kiyeyushi chepesi kinachohamia ndani kama mvuke, imeachwa. Vitabu hivyo vimeandikwa penye baridi. Etha huchemka kwenye digrii 34.6 na pentani kwenye 36. Mchana wa Januari chumba hiki kina 31. Mvuke unakimbia badala ya kutembea, na kinachopatikana asubuhi ni unga. Mwenye kuihitaji njia hii visiwani atumie heksani, inayochemka kwenye 69, na atafute chumba cha chini chenye kuta nene za mawe na chokaa.

Mrututu ni mrahisi na una adabu. Ni huu huu wa buluu wanaouza kwenye vibanda vya dawa, ila wa leo ni wa maabara. Gramu 45 kwa mililita 100 za maji kwenye digrii 60, pamoja na tone moja la asidi salfuriki hafifu ili usifanye utando wa kijani. Kwenye digrii 30 maji hayo hubeba gramu 38 tu, kwa hiyo gramu 7 hivi lazima zitoke, na hutoka kama vibao vilivyoinama, visivyo na pembe mraba hata moja.

Una heshima yake pia, mrututu huu. Mwaka 1912, mjini Munich, Walter Friedrich na Paul Knipping, kwa wazo la Max von Laue, walipitisha eksirei kwenye fuwele ya mrututu na kupata madoa kwenye bamba la picha. Ilikuwa mara ya kwanza. Laue akapata Tuzo ya Nobeli 1914. Kuisoma sawasawa ile fuwele waliyoanza nayo kulichukua miaka mingine 22: Arnold Beevers na Henry Lipson walitoa muundo wake 1934. Chumvi, yenye pembe zote mraba, ilikuwa imeshatatuliwa na Lawrence Bragg tangu 1913.

Siku ya 5, 6 na 7

Hakuna kilichoguswa, na ndivyo inavyotakiwa. Kila anayefunua chupa kuchungulia anaongeza mtikisiko na vumbi, na kila vumbi ni mbegu ya fuwele nyingine. Feni ya dari izimwe au chupa zihamishwe.

Usiku wa siku ya 6 chumvi iliyotolewa na kuwekwa kwenye kisahani wazi ilipata umaji pembeni. Sababu inajulikana: hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75, chumvi safi hunyonya maji mpaka iyeyuke, na usiku wa pwani hupita hapo bila taabu. Ile isiyooshwa machungu huanza mapema zaidi, maana magnesiamu kloraidi hunyonya tangu asilimia 33. Ndiyo hadithi nzima ya kibakuli cha chumvi kilicholowa jikoni.

Siku ya 8, Mkoani hadi bandari ya Malindi, Unguja

Kutoka Chake Chake hadi bandari ya Mkoani ni kilomita thelathini hivi, na buti la gari juani ni tanuri. Chupa za benzoati zikipata digrii 50 fuwele zinayeyuka tena ndani ya ethanoli yake, na usiku zinarudi zikiwa vichaka. Basi zimewekwa ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana, zikazungushiwa pumba za mpunga, pasipo barafu. Barafu inaharibu kwa njia nyingine: ubaridi wa ghafla huleta mvua ya fuwele ndogondogo juu ya zile nzuri.

Kila chupa imejazwa mmumunyo wake wenyewe mpaka shingoni. Ikiachwa nusu, mawimbi ya mkondo wa Pemba yanarusha maji huku na huku na fuwele zinagongana kingo. Chupa zimesimamishwa wima miguuni, si kwenye rafu ya mizigo, kwa sababu mtetemo wa injini hapa chini ni mdogo kuliko mrusho wa kule juu. Meli imetia nanga Malindi, chupa zimekaguliwa papo hapo gatini: mrututu salama, chumvi salama, A ina mawingu ya nyuzi nyembamba, B ina vibao vinavyong'aa.

Siku ya 9, Unguja

Hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyokatizana ndiyo hakimu wa kwanza, na hukumu yake haigharimu kitu. Weka fuwele ndani ya tone la mafuta mazito, zungusha meza. Fuwele moja halisi hung'aa, halafu huzimika yote kwa pamoja, mara moja kila digrii 90. Ikizimika nusu huku nusu inawaka, hizo ni mbili zilizoshikana, yaani pacha, na pacha humpa msomaji wa data maumivu ya kichwa ya wiki. Chumvi haiwaki kabisa, iko gizani kwa kila mzunguko, kwa sababu pande zake zote ni sawa kwa mwanga. Kipande cha chumvi kikiwaka, hicho si chumvi, yumkini ni jasi.

Chupa A: nyuzi za upana wa milimita 0.01, zimefungamana kama ndevu za nazi. Zinazimika vizuri, ila ni nyembamba mno kwa mashine ya kawaida. Chupa B: vibao vya milimita 0.3 kwa 0.2 kwa 0.05, safi, kingo kali, vinazimika kama taa iliyozimwa kwa swichi. Vimechaguliwa vitatu kutoka B bila kusita. Tamaa ya jicho.

Siku ya 10, kufunga mzigo

Diffraktomita ya fuwele moja, yaani mashine ya kupigia eksirei, itakayotumika iko kwenye maabara moja ya Afrika Kusini. Kufunga kunataka akili kuliko kupika, kwa kuwa kila chupa ina hali yake ya hewa inayoitaka, na hazipatani.

Chumvi inataka ukavu: kichupa kidogo, pamba, pakiti ya silika jeli, nta kwenye kizibo. Mrututu ukitiwa silika jeli hiyo hiyo unakufa. Kila moja ya fuwele zake imebeba molekuli tano za maji kwa kila atomu ya shaba, na hewa ikishuka chini ya theluthi moja ya unyevu huanza kuyaachia. Ngozi yake inapauka kuwa unga, na ndani inapasuka. Huo umebaki na matone ya mmumunyo wake, kizibo kimekazwa. Mara nyingi mtu mmoja mwenye nia njema anatia silika jeli kila kichupa, na kifurushi kinafika na rangi ya buluu iliyopauka.

Benzoati haiwezi kusafiri na ethanoli kwa ndege kama mzigo wa kawaida kwa kuwa inashika moto. Imekaushwa kwa kugusishwa karatasi ya kuchujia, ikalazwa kati ya pamba mbili. Inawezekana kwa sababu haitarajiwi kuwa na kiyeyushi ndani ya muundo wake. Ingekuwa nacho, ingebomoka kabla ya kufika uwanja wa ndege, na mafuta mazito ndiyo yangekuwa nguo yake.

Juu ya kila kichupa: kitu gani kinatarajiwa, fomula, kiyeyushi, tarehe. Benzoati ni C17H16O3.

Siku ya 17, ujumbe kutoka maabara

Chumvi imetangulia. Fuwele imenaswa na kitanzi kidogo cha plastiki kwa tone la mafuta, kitanzi kikasimamishwa juu ya kichwa cha goniomita, kifaa kinachozungusha fuwele, na kuwekwa katikati ya msalaba wa kamera, ili ikizungushwa ibaki pale pale. Fuwele inayoyumba nje ya mwale huharibu data nzima kimyakimya. Upande wa seli ya msingi, kile kisanduku kidogo kabisa kinachojirudia, umetoka angstromu 5.64. Angstromu moja ni mita moja ikigawanywa kwa bilioni kumi.

Jibu hilo linaweza kuhakikiwa kwa penseli. Ndani ya seli kuna sodiamu nne na klorini nne. Gawa uzito wao kwa mchemraba wa 5.64 na unapata gramu 2.16 kwa sentimita ya ujazo, ambao ndio msongamano wa chumvi yoyote ya dukani. Nusu ya seli ni angstromu 2.82. Kwa eksirei ya shaba yenye urefu wa wimbi 1.54, kanuni ya Bragg, inayounganisha pembe ya doa na umbali kati ya tabaka za atomu, inataka doa kali kwenye pembe ya digrii 15.9, na doa lipo hapo. Ndani ya kisanduku hicho hakuna "molekuli" ya chumvi: kila sodiamu ina klorini sita pande zote, na kila klorini sodiamu sita. Jambo hili liliwaudhi baadhi ya wanakemia wa zamani. Mwingereza Henry Armstrong alikuwa bado analipinga jaridani mwaka 1927.

Mrututu nao umefika ukiwa na buluu yake. Pande za seli: karibu 6.1, 10.7 na 6.0, pembe zote tatu zimeinama, ujazo kama 364. Shaba imezungukwa na maji manne kwenye bapa na oksijeni mbili za salfeti juu na chini. Maji ya tano hayagusi shaba, yamening'inia kati ya wengine kwa viungo vya haidrojeni. Mashahidi wote wawili wamesema kweli.

Siku ya 18, chupa ya kwanza

Kabla ya kukusanya data ya saa nyingi, picha chache za majaribio hutosha kukadiria seli. Zimechukuliwa kwenye joto la kawaida, maana fuwele ngeni ikitupwa ghafla kwenye mkondo wa naitrojeni wa digrii 173 chini ya sifuri inaweza kupasuka. Madoa ni ya duara, makali, hakuna pacha. Seli: 5.5, 5.1 na 22, pembe moja ya digrii 97. Ujazo 614.

Hapo kalamu inasimama. Kanuni ya mkono ya wataalamu wa fuwele ni kuhesabu angstromu 18 za ujazo kwa kila atomu isiyo haidrojeni. Benzoati ya eugenoli ina atomu 20 za namna hiyo, kaboni 17 na oksijeni 3, kwa hiyo molekuli moja inataka 360 hivi. Gawa 614 kwa 360 na unapata 1.7. Molekuli haikatwi vipande. Kanuni hiyo huzidisha kidogo kwa vitu kama mrututu, lakini si kwa kiasi hiki. Ukijaribu atomu 9, unapata 162, na 614 inatoshea molekuli nne zilizobanana kidogo. Atomu tisa, kaboni saba na oksijeni mbili: asidi benzoiki. Hazina ya data ya miundo ya fuwele ya Cambridge, iliyoanzishwa na Olga Kennard mwaka 1965 na kupita miundo milioni moja mwaka 2019, inaithibitisha kwa kuulizwa vipimo vya seli peke yake. Imechukua robo saa. Asiyeuliza hazina kwanza hukusanya usiku mzima data ya kitu ambacho wenzake walishakipima kabla hajazaliwa.

Siku ya 19

Ilitoka wapi? Hesabu ya siku ya 3 inajibu. Eugenoli gramu 2 ni milimoli 12 (milimoli huhesabu idadi ya molekuli, si uzito). Benzoili kloraidi mililita 2 ni milimoli 17. Zile 12 zinakula alkali 12, na tano zinazozidi zinavunjwa na maji zikila alkali mbili mbili, yaani 10. Jumla 22. Gramu 1 ya sodiamu hidroksaidi kavu ni milimoli 25, kwa hiyo akiba ilikuwa 3 tu. Punje zilizoshikana kwenye kopo zilikuwa zimenyonya maji na hewa ya ukaa. Ikiwa hata asilimia 15 ya uzito wake haikuwa alkali tena, akiba imekwisha, mchanganyiko unaegemea asidi mwishoni, na asidi benzoiki inaganda pamoja na benzoati badala ya kubaki ndani ya maji. Litmasi ya mwisho ingeyasema yote haya kwa sekunde mbili.

Ethanoli ikaikamilisha kazi. Asidi benzoiki inapenda ethanoli kuliko benzoati inavyoipenda, kwa hiyo unga uliochujwa ulikuwa karibu safi, ukayeyuka digrii mbili tu chini ya kawaida, na uchafu ukabaki kwenye ethanoli. Ethanoli hiyo ndiyo iliyotiwa chupa B. Kipimajoto kilipimia unga, mashine ikapewa vibao: vitu viwili tofauti chini ya jina moja. Kibao kimoja cha B kingewekwa kwenye kipimajoto pale Unguja, kingekaa kigumu mpaka digrii 122.

Siku ya 20, Unguja

Kopo jipya la sodiamu hidroksaidi limefunguliwa, na punje zimehamishiwa chupa ndogo ndogo zilizofungwa nta ili kila siku ifunguliwe moja. Unga uliobaki wa siku ya 3 umesagwa laini na kutikiswa na bikabonati ya soda ya asilimia 5, mililita 20, kwa dakika kumi. Asidi benzoiki inaingia kwenye maji haya, benzoati haiingii. Vipovu vimepanda mara ya kwanza, vichache mara ya pili, na mara ya tatu hakuna. Umeoshwa kwa maji mpaka litmasi haibadiliki, umesafishwa kwa ethanoli. Umeyeyuka kwenye 69.5 hadi 70.

Ethanoli iliyobaki imemwagwa kwenye chombo cha taka.

Nyuzi nyembamba za chupa A bado ni tatizo: kitu hiki katika ethanoli kinakimbilia upande mmoja. Safari hii ethanoli imechanganywa na maji kidogo, na chupa nyingine ina ethili asetati na heksani, kwa sababu kubadili kiyeyushi mara nyingi hubadili umbo kabla ya kubadili kingine chochote. Ikipatikana fuwele ya kupimika, atomu 20 zitahitaji namba 180 za kuziweka mahali pake na kueleza mtikisiko wake, pamoja na moja ya kipimo cha jumla. Kwa hiyo yasipungue madoa huru 1,800, kumi kwa kila namba, kabla ya kuanza kunoa muundo kwa programu ya SHELX. Mahali pa kutilia shaka mapema ni mkia wa alili, kaboni tatu za mwisho, ambazo katika molekuli za namna hii hupenda kukaa mikao miwili na kuvimba kwenye ramani kama puto.

Vichupa vinne, tundu moja la sindano kila kimoja. Sanduku la unga wa mbao limefunikwa na kusukumwa chini ya meza, mbali na feni, na juu yake kuna karatasi: lisifunuliwe kabla ya siku ya 25.